Brashi ya Baba na Maji Saba

Enzi zetu mtoto alikuwa na kazi mbili: kutumwa na kuogopa. Kutumwa kulikuwa na mwisho wake, unapeleka chumvi kwa jirani unarudi. Kuogopa hakukuwa na mwisho. Nyinyi wa rika langu mliokulia Kasulu na Kibondo mtanielewa. Ukipiga mluzi jioni, unaita nyoka. Ukikalia kinu, mama yako anakufa. Ukinyooshea kaburi kidole, kidole kinaoza, isipokuwa ukiwahi kuking'ata. Mimi niling'ata vidole vyangu mpaka mwalimu akadhani sipewi chakula nyumbani.

Nakumbuka asubuhi za Kasulu tulipokuwa wadogo, ukungu umelala juu ya migomba na sisi tunakimbia mchakamchaka miguu mitupu, fagio mkononi, meno yakigongana. Nakumbuka kiporo cha maharage kilichopashwa na mawese, na harufu ya samaki aina ya migebuka waliokaushwa siku za sokoni. Jioni tulicheza rede na kombolela mpaka mama mmoja aite jina la mtoto mmoja, hapo wote tunatawanyika kwa sababu tulijua mama wengine wako njiani na fimbo. Watoto wa leo naona wanaogopa kitu kimoja tu, simu kuishiwa chaji. Siwaonei wivu wala siwalaumu. Ila hofu kubwa kuliko zote niliyowahi kuibeba ilitokana na kitu kidogo ambacho nao wanakichezea siku hizi, brashi ya kunyolea ndevu.

Baba alikuwa na duka karibu na soko la Kasulu mjini. Aliuza chumvi, sabuni, vitenge na viberiti. Yeye ni mtu wa Pangani, alikuja huku akiwa kijana kufuata biashara, akaoa, akabaki, lakini baridi ya milimani hakuizoea hata siku moja. Alivaa sweta mbili chini ya kanzu. Mama alikuwa Muha wa Makere aliyesilimu alipoolewa, na alimcheka Baba kila msimu wa kiangazi asubuhi akimwona anapuliza vidole. Mimi, Zuhura, nilikuwa mtoto wao wa kwanza, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kumpelekea Baba maji ya moto ya kunyolea.

Alinyoa siku mbili kwa wiki. Ijumaa, kwa ajili ya msikitini, na siku ya kusafiri kwenda gulio la Mabamba, kule mpakani na Burundi, alikokuwa akipeleka chumvi na kuleta vitenge. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kioo kimening'inia kwenye msumari. Kidevuni aliacha ndevu kidogo, ila mashavu na shingo alitaka ving'ae. Zamani alijipaka sabuni kwa kiganja. Halafu safari moja akarudi kutoka Mabamba na brashi aliyoinunua kwa mfanyabiashara wa ng'ambo. Ilikuwa na mpini wa mbao uliopakwa rangi nyekundu, na nywele za rangi ya nyasi kavu, ngumu, zenye nyeusi mbili tatu katikati. Ilikuwa ndani ya boksi dogo la karatasi ngumu. Boksi akanipa mimi niwekee penseli.

Brashi ile ilikuwa na madaha. Ilibidi ilowekwe kwenye kikombe cha bati muda wote Baba anaokunywa chai, ndipo ilainike. Wiki za mwanzo ikilowa ilitoa harufu. Baba aliinusa akacheka, akasema inanuka zizi, labda ni mbuzi wa milimani. Lakini povu lake lilikuwa zuri. Aliizungusha kwenye sabuni mpaka povu likapanda, akajipaka uso mzima akabaki macho tu, kisha akanigusa nalo puani. Hapo nilikuwa nacheka mpaka Mama anachungulia. Sidhani kama nimewahi kupenda kitu nilipokuwa mdogo kama nilivyopenda lile povu puani.

Sasa, rafiki yangu alikuwa Spesioza, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa watoto, wakawa raia, wakalima na kufuga. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na banda la nguruwe wawili. Mama aliniruhusu kucheza kwao, ila nikirudi naoshwa miguu mpaka magotini. Mama Spesioza alikuwa mwanamke mrefu, mpole, na alikuwa amesomeshwa Kifaransa utotoni. Mtaani hakuna mwingine aliyekijua.

Siku hiyo alikuwa anapukuchua maharage. Mimi na Spesioza tulikuwa tunachezea penseli zangu pembeni yake. Akalichukua boksi, akaliweka mbali na macho kama wafanyavyo watu wazima, midomo ikamchezacheza.

"Hii boksi mmeitoa wapi?" akauliza.

"Ya brashi ya Baba. Ya kunyolea."

Akaligeuza upande wa pili, akalirudisha.

"Yoo, Zuhura, mwana wanje. Hapa wameandika *porc*. Ni ingurube, nguruwe. Hii brashi ni manyoya ya ingurube, yale ya mgongoni." Alitazama upande wa nyumbani kwetu. "Nenda umwambie mama yako, polepole. Mimi nikienda kumwambia, baba yako ataona ninamcheka dini yake. Umenisikia?"

Nilisema ndiyo. Nikachukua boksi langu nikaondoka, na sikumwambia mtu.

Watu wananiuliza kwa nini. Baba hakuwa mpigaji. Nadhani niliogopa sura yake atakapoanza kuzihesabu zile Ijumaa. Niliogopa pia kwa ajili yangu, kwa sababu lile povu lilikuwa puani mwangu na nililipenda. Na zaidi ya yote niliogopa barabara. Mliokuwapo mnakumbuka. Miaka ile barabara ya kwenda Kibondo ilikuwa na majambazi wenye bunduki. Magari yalikusanyika alfajiri mbele ya kituo cha polisi, askari wanapanda, yanaondoka msafara mmoja. Kila safari ya Baba Mama alikuwa hali chakula mpaka arudi. Na madrasa Ustadhi alikuwa ametusomesha habari za kifo na kaburi bila kutupunguzia hata neno moja. Kwa hiyo nililala na kuamka na wazo moja: Baba akiuawa njiani, atafika kwa Mola wake na uso uliopakwa nguruwe, na mimi nilijua nikanyamaza.

Ila Ustadhi alikuwa ametufundisha pia dawa. Najisi nzito, ya mbwa na nguruwe, huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nilikuwa na umri wa miaka tisa na nilikuwa nimehifadhi vizuri. Nikaiba brashi, nikajificha nyuma ya migomba na kopo la maji, nikaiosha mara saba huku nikihesabu kwa sauti ndogo. Ile ya udongo niliifanya kwa bidii kuliko zote. Nyinyi mnaujua udongo wa Kasulu. Ukiingia kwenye shati jeupe, shati hilo linakuwa la rangi nyingine maisha yake yote.

Ijumaa iliyofuata Baba alizungusha brashi kwenye sabuni, akaitazama, akaizungusha tena. Povu lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mama Zuhura," aliita, "hii sabuni umeinunua wapi?"

"Dukani kwako," Mama akajibu kutoka jikoni.

Alijipaka hivyo hivyo. Leo nacheka nikikumbuka. Siku ile nilikuwa nimeshika mlango wa jikoni nisianguke, namwomba Mungu ahesabu vizuri zile mara saba.

Jumatatu madrasa nilijikaza nikamuuliza Ustadhi. Nilimwambia, je, kama kitu chenyewe kimetengenezwa kwa nguruwe, ukikiosha mara saba kinatoharika? Ustadhi akashusha fimbo yake akanitazama kwa mshangao, maana watoto wa kike tulikuwa hatuulizi. Akasema nguruwe hata umwoshe kwa maji ya ziwa zima atatoka majini nguruwe. Kilichoguswa ndicho huoshwa. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilielewa. Brashi haikuwa na dawa. Kilichoguswa kilikuwa uso wa Baba.

Basi nikaanza kazi ya kuuosha uso wa Baba bila yeye kujua. Kwenye beseni la kusuuzia nilitia udongo kidogo, chembe chembe, nikaukoroga mpaka usionekane. Kisha nikasimama karibu nahesabu. Baba kwa kawaida alijisuuza mara tatu. Nikamwambia, "Baba, bado kuna povu sikioni." Akajisuuza mara ya nne. "Na shingoni, Baba." Mara ya tano. Mara ya sita nilimwambia kuna povu kwenye nyusi. Akanitazama kupitia kioo, akasema, "Zuhura, leo umekuwa mama yangu?" Akachukua taulo. Wiki tatu nilijaribu, sikuwahi kuvuka tano. Mara mbili aliondoka kwenda Mabamba hivyo hivyo, na mara zote mbili nilikaa mlangoni nikimsubiri, sichezi, nikiambiwa naumwa nakubali.

Safari ya tatu nikafanya uamuzi. Kama siwezi kuuosha uso wake, angalau siku ya barabara nisiache uguswe. Alfajiri, kabla hajaamka, nikachukua brashi nikaizamisha ndani ya gunia la maharage, mkono wote mpaka begani. Nikaenda kuwasha moto wa maji yake, mtoto mwema.

Aliitafuta. Sikuwahi kufikiri kwamba ataitafuta. Nilidhani atapaka sabuni kwa kiganja kama zamani, aondoke. Lakini Baba alikuwa mtu wa utaratibu, na mtu wa utaratibu akikosa kitu kimoja asubuhi hawezi kuanza siku. Alitazama juu ya kioo, chini ya kigoda, ndani ya kabati la vikombe. Alimuuliza Mama, Mama akaniuliza mimi. Nilisema sijui. Akatafuta tena palepale alipokwisha kutafuta. Jua lilipochomoza Mama akamwambia, "Msafara utakuacha." Akajimwagia maji usoni, akatoka mbio bila kunyoa, mashavu yana weusi.

Msafara ulikuwa umekwisha kuondoka. Aliporudi kuchukua koti alilolisahau alikuwa na haraka na hasira kidogo, akamwambia Mama kuna pikapu ya mfanyabiashara wa chumvi, dereva wake anasema akikaza mwendo atawakuta mbele ya Makere. Mama akasema asubiri msafara ujao. Baba akasema gulio halimsubiri mtu. Nilikuwa nimesimama kati yao. Ningeweza kusema. Mdomo ulifunguka kabisa, nikahisi ubaridi kwenye meno, na hakikutoka kitu.

Habari zilifika alasiri. Aliyezileta ni mpiga debe wa stendi, hakubisha hodi, alisimama uani akavua kofia. Pikapu ya chumvi ilikuwa imesimamishwa na majambazi ilipopita Makere, ilikuwa peke yake, haikuuwahi msafara. Kulikuwa na risasi. Dereva ameletwa hospitali, amepigwa kwenye paja. Wengine walikimbilia porini, hawajulikani walipo. Mama aliuliza swali moja tu, kama kuna aliyekufa. Yule kaka akasema hajui, akarudisha kofia kichwani.

Wanawake walijaa uani. Mama Spesioza alikuja na uji, akakaa karibu na Mama akimshika mgongo, akawa ananitazama. Nilijua anachouliza kwa yale macho. Nikatikisa kichwa, hapana, sikusema. Akafumba macho. Hapo ndipo nilipoanza kutetemeka, nikatetemeka kiasi kwamba Mama mwenyewe aliinuka kutoka kwenye msiba wake akaja kunishika mimi. Akanipeleka ndani.

"Una nini, mwana wanje? Sema."

Nilimpeleka kwenye gunia la maharage. Nikaingiza mkono nikaitoa brashi, vumbi la maharage limeganda kwenye nywele zake, nikamwekea mkononi. Nikamwambia yote, boksi, nguruwe, udongo, beseni. Nikamwambia nimemuua Baba, na nimemuua hajaoshwa. Mama alikaa juu ya gunia. Hakunipiga, hakulia. Alisema kwa sauti ya chini sana, "Nikae hapa kidogo," kana kwamba anaomba ruhusa kwangu. Tulikaa mpaka kukaingia giza, na ile brashi mapajani mwake.

Baba alirudi kesho yake kabla ya adhuhuri. Alikuja kwa baiskeli, amekaa nyuma ya mjomba, kaka yake Mama. Alikuwa amelala porini sehemu ya usiku, kisha akatembea mpaka kwa wakwe zake Makere. Walikuwa wamempa koti la babu, lilimfika magotini, na miguu yake ilikuwa imechanika. Ndevu zilikuwa zimeota uso mzima. Mama aliketi chini hapohapo uani. Mimi nilikimbia nikajificha nyuma ya banda la kuni, kwa sababu sasa alikuwa hai, na aliye hai lazima aambiwe.

Mama ndiye aliyemwambia. Nilisikia sauti yake kwa muda mrefu. Halafu nikasikia anavuta kigoda.

"Zuhura. Lete maji."

Nilipeleka beseni na jagi. Brashi ilikuwa chini mbele yake. Nilingoja. Baba alichota udongo kwa vidole, ule ule wa uani, akautia kwenye kiganja.

"Wewe unahesabu," akaniambia. "Mimi nimesahau ya Ustadhi."

Nikammwagia maji, akajipaka udongo uso mzima, akawa mwekundu. Nikasema moja. Mbili. Alipofika ya nne nilikuwa nalia siwezi kusema namba, akasimama akanisubiri mpaka niliposema nne. Ya saba maji yalishuka safi kwenye ndevu zake zile mpya. Akachukua maji yaliyobaki, akaniosha pua yangu, mara saba nayo. Pua nyekundu kama ya mlevi.

Kisha akaniambia maneno ambayo sijawahi kuyasahau. "Kosa la kununua bila kusoma ni langu. Mungu hamshiki mtu kwa asichokijua. Lako ni moja tu, umeogopa peke yako. Siku nyingine ukiogopa, njoo uogopee hapa." Akapiga goti lake kwa kiganja, kuonyesha ni hapa wapi.

Brashi aliifukia nyuma ya migomba. Jioni alikwenda kwa Mama Spesioza, akakaa nje na baba Spesioza kwa muda mrefu. Baada ya hapo hakuna boksi, kopo wala sabuni kutoka ng'ambo iliyoingia nyumbani kwetu kabla Mama Spesioza hajaisoma. Alikuwa anaweka maharage pembeni, anavaa miwani, anasema ego, ndiyo, au oya, hapana. Alipofariki miaka michache iliyopita, Baba alikaa msibani siku tatu na fimbo yake, mzee wa msikitini katikati ya kwaya.

Mwaka uliofuata alipata brashi ya nailoni. Mama Spesioza aliisoma, akasema ego. Hata hivyo Baba alichomoa uzi mmoja wa brashi akauweka kwenye moto wa kiberiti. Nywele ikiungua inajikunja na kunuka, alinieleza, nailoni inayeyuka. Uliyeyuka ukawa kitone kama shanga. Akanigusa povu puani, akasema bismillahi.

Lakini sitaki mdhani hofu iliishia pale. Yule dereva wa pikapu alipona, ila alichechemea. Alikuja dukani mara nyingi, akanunua sigara na kunitania. Kila nikisikia mguu wake unaburuzika kwenye changarawe nilikuwa naingia chini ya kaunta. Hakujua kwa nini Baba alichelewa asubuhi ile, na kwamba Baba asingechelewa, yeye asingekuwa na mtu wa kumsihi akaze mwendo. Mpaka leo hajui. Ni mzee sasa, tunasalimiana, na bado moyo unanidunda.

Siku hizi barabara ni lami. Unatoka Kasulu asubuhi, unakunywa chai Kibondo, mabasi yanapita usiku na hakuna anayehesabu askari. Mjini kuna saluni za vijana kila kona, zina viti vya kuzunguka na picha za vichwa ukutani. Kijana anaingia na ndevu saba, anatoka zimepakwa piko na kuchorwa mstari kama mpaka wa shamba. Wengine wananunua mafuta ya kuotesha ndevu. Baba akisikia hivyo anashangaa sana, maana yeye miaka yote hamsini alikuwa anapigana nazo. Mwanangu Shabani, anayefanya kazi Dar, ni mmoja wao. Ametazama video za watu wanaonyoa kwa povu kama wazee, na sasa ananifundisha mimi. Mwezi uliopita alituma kwa basi brashi mpya ya babu yake. Akapiga simu.

"Mama, hiyo ni sintetiki. Hailowekwi. Unaigusa maji tu, unaikung'uta, inakauka fasta. Hainuki. Babu atafeel kama anapapaswa."

Nilimwambia asante, mwanangu. Nikachomoa uzi mmoja nikauwasha. Ukayeyuka.

Ni kweli ni laini. Povu linapanda kwa sabuni kidogo, na nywele zake ni nyeusi juu na nyeupe chini, zimelingana zote kama zimekatwa kwa rula. Ninaitumia kila Ijumaa, kwa sababu Baba hawezi tena kunyoa mwenyewe. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia mwaka juzi, na Mama alishatangulia. Ninamkalisha kwenye kigoda kilekile nyuma ya nyumba, ninamzungushia taulo, ninampaka. Wembe ukifika shingoni, pale ngozi ilipolegea na mshipa unapocheza, mimi ninaacha kupumua. Niliogopa barabara, niliogopa Ustadhi, lakini sijui kama niliwahi kuogopa kama ninavyoogopa ule mshipa.

Ijumaa iliyopita nilipomaliza nikachukua jagi. Brashi haina najisi, Baba amekwisha kuwa safi, ila tuna desturi yetu. Nikammwagia, nikahesabu. Ya nne akanishika mkono kwa ule wake mzima.

"Zuhura," akasema, maneno yanatoka kwa shida siku hizi. "Naogopa."

Sikumuuliza anaogopa nini. Ana miaka zaidi ya themanini. Nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Ogopea hapa, Baba," nikachukua mkono wake nikauweka begani kwangu. Tukakaa hivyo mpaka maji ya usoni yakamkauka, nikarudia ya nne.

Ninawaandikia nyinyi wa rika langu kwa sababu najua mnafanya hesabu ileile. Kwetu mwanamume huoshwa na wanaume. Siku ile ikifika watafunga pazia, watamwosha Baba mara tatu au mara saba kwa maji na karafuu maiti, na mimi niliyeanza kumwosha nikiwa na miaka tisa nitakaa upande huu na wanawake, sihesabu. Ndiyo maana maji ya Ijumaa siyafanyi haraka. Zamani nilipoogopa nilikuwa na goti la kwenda kuogopea. Sasa mimi ndiye goti, na siku pazia hilo litakapofungwa sijui nitapeleka wapi hofu yangu.

Alinitazama nilipomwaga ya saba. Kisha kwa ule mkono mzima akachovya kidole kwenye kikombe cha povu, akanigusa puani.